Zuwena na Robo Isiyo na Kasma

Zuwena Abdulatifu hajui kukaa. Kiti cha ofisini alichopewa na idara ya mipango, anakofanya kazi, kina miaka mitatu sasa, na ile plastiki ya dukani bado imo mgongoni mwa kiti. Akisoma barua anasoma amesimama. Akipiga simu anazunguka meza. Akikuuliza swali, kabla hujamaliza kujibu yuko mlangoni anakwenda kumuuliza mwingine. Mimi niko masijala, chumba cha mafaili na barua, tumetengwa na ukuta mmoja tu, na nasema ukweli kwamba miezi ya kwanza alinichosha roho. Nilimwona mtu wa fujo. Leo mtu akimsema vibaya mbele yangu tunagombana.

Ni mtoto wa mjini Tabora, wa zile familia zilizokuja na misafara zikabaki. Babu wa babu yake alibeba mizigo ya watu kutoka pwani, akafika hapa, akaona imetosha. Baba yake, Mzee Abdulatifu, ni fundi bati, na Zuwena amekulia kwenye kelele za nyundo mpaka leo anaongea kwa sauti ya juu hata ndani ya chumba kitupu. Alisoma takwimu, akafanya kazi Dodoma, akarudi kuolewa. Ndoa haikudumu. Anaishi Cheyo na binti yake Najiat, na habari za ndoa ile hapendi kuzisikia, kwa hiyo nami naziacha hapo.

Chuo chetu kinaitwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Kaze, tawi dogo la chuo kikubwa ambacho makao yake makuu yako mbali. Tuna majengo manne, jenereta moja yenye kisirani, na maabara moja. Maabara hiyo inashikwa na Flavia, fundi sanifu, msichana wa watu asiyependa makuu, ambaye anaishi Itetemia na mama yake aliyepooza upande mmoja. Kila mchana Flavia hukimbia nyumbani kumgeuza mama yake kitandani na kumlisha, kisha hurudi kazini. Kumbuka hilo, maana ndilo lililotukosesha usingizi wote.

Mwanzoni mwa mwaka liliingia dokezo kutoka makao makuu. Nililifungua mimi, nikaligonga mhuri, nikalipeleka kwa Zuwena. Kila tawi lilitakiwa kueleza linatumia kiasi gani kwenye utafiti. Na wala hawakuwa wanaulizia ule utafiti wenye kasma, yaani wenye fungu lake kwenye bajeti, lenye jina na namba. Huo kwetu ulikuwa sifuri, kila mtu anajua. Walitaka ule uliojificha ndani ya mishahara, umeme na majengo, ule ambao hakuna aliyewahi kuutenga. Chini kabisa kulikuwa na sentensi moja: tawi ambalo utafiti wake haufiki sehemu ya kumi ya muda wa walimu litahesabiwa kuwa la kufundishia tu, na maabara yake itahamishiwa makao makuu.

Flavia aliisikia habari hiyo kabla ya saa nne. Alikuja masijala, akaegemea kaunta yangu. "Maabara ikiondoka, da Julieth, nami naondoka nayo au naacha kazi," alisema. "Mama hawezi kupanda basi la siku nzima. Na nikiacha kazi tutakula nini?" Zuwena alikuwa amesimama nyuma yake, dokezo mkononi, mguu wake mmoja ukigonga sakafu.

"Utafiti upo hapa chuoni," Zuwena alisema. "Nausikia unatembea kwenye korido. Nitaupima."

Nilimwuliza unapimaje kitu ambacho hakina hata risiti. Akanieleza kwa mfano wa baba yake, na sitausahau. Mzee Abdulatifu aliwahi kupoteza asubuhi nzima akijaribu mfuniko wa ndoo ya asali ambao siafu hawapiti. Akapasua mabati, akakata, akatupa. Mteja alipokuja alilipia ndoo, akaenda zake. Ile asubuhi haikuandikwa popote, imo ndani ya bei ya ndoo. "Mwalimu analipwa mshahara mzima," Zuwena alisema. "Sehemu anafundisha, sehemu anasahihisha, sehemu anatafuta jambo asilolijua. Nikijua anagawaje wiki yake, nitajua mshahara wake umegawanyikaje. Umeme na majengo vinafuata humo humo."

Basi akachapa fomu ya wiki: kufundisha, kusahihisha, vikao, utafiti, mengineyo. Akaigawa kwa walimu wote, na kila asubuhi alipita ofisi hadi ofisi kuwakumbusha, mpaka wengine wakaanza kufunga milango kwa ndani. Mwisho wa mwezi akazikusanya. Kwenye mstari wa utafiti watu wote waliandika sifuri.

Watu wote! Hata Dokta Lugembe, ambaye viatu vyake vina majivu kila Jumatatu. Hata yule mwalimu wa jiografia anayekuja na chupa za maji ya visima vya Igunga kwenye mkoba wa mkewe. Zuwena alizimwaga fomu juu ya kaunta yangu, uso umemvimba kwa hasira.

"Soma hapa," alisema. "Soma Lugembe, Ijumaa."

"Kusahihisha mitihani," nilisoma.

"Na huyu?"

"Kusahihisha mitihani."

"Mwezi wa tatu, Julieth! Mitihani iko wapi? Chuo kizima kinasahihisha mitihani ambayo haijatungwa!"

Nilicheka, yeye hakucheka. Flavia alikuwa anatuchungulia kupitia dirisha la maabara, na sura yake ilinikata maini. Zuwena alizikusanya zile karatasi, akaziweka, akaziokota tena. Ijumaa ile alikuja kuomba pikipiki ya chuo. Kwenye kitabu cha safari hakuna mstari wa kwenda kumfumania mwalimu, kwa hiyo tuliandika kupeleka barua. Akavaa kofia ngumu juu ya ushungi, akaondoka kuelekea Kigwa, kijiji alikosikia Lugembe huenda kila Ijumaa.

Aliyoyaona huko amenisimulia mara nyingi, kila mara akitembea. Alifika Kigwa jua likiwa kali, akapita stesheni, akauliza kwa Dokta. Wakamwelekeza kwenye mashamba ya tumbaku, kwa mama mmoja anayeitwa Minza. Nyuma ya nyumba ya Mama Minza kulikuwa na mabani mawili ya kukaushia tumbaku, moja la kawaida, la udongo, na jingine lenye tanuri la ajabu, bomba lake limepindishwa mara tatu, limejengwa kwa matofali ya kuchoma. Mbele ya tanuri, amepiga magoti kwenye majivu, alikuwa Dokta Lugembe, mtu mzima mwenye shahada tatu, kipimajoto cha maabara yetu mkononi.

"Shikamoo, Dokta," Zuwena alisema.

Lugembe aligeuka akabaki mdomo wazi. "Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Nimejituma. Mitihani unayosahihisha iko humo motoni?"

Mama Minza alitoka na kigoda, akamkaribisha kwa Kinyamwezi na Kiswahili vikiwa vimechanganyika. Zuwena alikikubali kigoda na hakukikalia. Mama Minza ndiye aliyezungumza, maana Lugembe alikuwa ameingiwa na haya. "Msimu uliopita tulikata miti mpaka kule mbugani," alisema. "Mkokoteni unaenda, unarudi, kila siku. Msimu huu, angalia mwenyewe, mwanangu. Kuni za bani la zamani zimekwisha. Za hili la Dokta rundo bado lipo, na tumbaku inatoka na rangi ile ile." Akamtupia Dokta jicho. "Ila yeye anasema bado hajaamini. Anataka msimu mwingine."

Zuwena alimgeukia Lugembe na sauti yake ya nyundo. "Huu ni utafiti! Kwa nini umeandika sifuri?"

"Utafiti una kasma, mama," Lugembe alijibu taratibu. "Una barua ya kibali, una posho, una gari lenye nembo. Mimi hapa nahangaika tu." Akafuta majivu kwenye suruali, yakazidi kuenea. "Na tuseme nikiandika. Haya matofali ni masalio ya vyoo vipya vya wanafunzi. Mafuta ya kuja huku ni ya chuo. Kipimajoto ni cha Flavia. Mkaguzi akisoma neno utafiti atauliza kasma namba ngapi. Nitamjibu nini? Nitaonekana mwizi, na Flavia mwizi mwenzangu."

Ndipo Zuwena alipoelewa. Kwa maisha yetu ya ofisi za umma, kazi isiyo na kasma ni kosa, hata ikiwa njema. Watu walikuwa wanauficha utafiti wao namna mtu anavyoficha nyumba ndogo. Wangeweza kupoteza maabara nzima kwa kuogopa barua moja ya kujieleza. Alirudi mjini jioni ile akiwa na hasira ambayo hakujua aitupie nani.

Jumatatu alizichoma fomu za kwanza nyuma ya jiko la kantini. Fomu mpya haikuwa na neno utafiti kabisa, wala nafasi ya jina. Iliuliza hivi: wiki hii umehangaika na jambo gani ambalo jibu lake hukulijua wewe wala vitabu vyako, na limekuchukua sehemu gani ya wiki? Akaniomba sanduku letu la zamani la maoni, lile la mbao lenye kufuli, tukaliweka kwenye korido. Akapita kwa kila mwalimu, na kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: "Jina lako sitalijua, na hata nikilijua sitalitoa." Aliapa. Mtu wa mjini Tabora, binti wa Mzee Abdulatifu, akiapa ameapa.

Sanduku likajaa. Watu walikuwa na mambo moyoni, jamani. Mmoja alikuwa akifuatilia kwa nini watoto wa wafugaji wa Nzega wanaacha shule miezi fulani. Mwingine alirekodi maneno ya Kinyamwezi ya wazee kabla hayajapotea. Maji ya visima, maua ya miyombo, nyuki wadogo wasiouma. Waliandika na nyuma ya karatasi. Zuwena akapiga hesabu zake amesimama, akazirudia, akampa mtu mwingine azirudie. Robo. Karibu robo ya muda wa walimu wetu ilikuwa inakwenda kwenye kuhangaika huko. Flavia alipoambiwa alilia pale pale maabara, akamkumbatia Zuwena na koti lake lote la madawa.

Laiti ingeishia hapo. Makao makuu yalikuwa yametaka sehemu ya kumi, sisi tukapeleka robo, wakashtuka. Wakaja. Mmoja alikuwa mtakwimu kijana aliyekuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika kila ukurasa. Mwingine alikuwa mkaguzi wa ndani, Bwana Alois, mpole, msafi, sauti ya chini, na hao ndio wa kuogopwa. Mkuu wetu wa tawi, Profesa Mfaume, aliitisha kikao cha wafanyakazi wote kwenye ukumbi. Mimi nilikuwepo kuandika muhtasari.

Bwana Alois aliishika ripoti ya Zuwena kwa vidole viwili. "Kazi nzuri," alisema. "Ila nina tatizo. Inasema robo ya mishahara ya tawi hili inakwenda kwenye utafiti. Sijaona kibali hata kimoja. Kama utafiti upo, nani aliuruhusu? Na kama hamna mtu wa kunionyesha, basi namba hii ni hewa, naiondoa, na maabara inahama kama ilivyopangwa. Dada Zuwena, nipatie majina."

"Sina majina," Zuwena alisema. Alikuwa amesimama ukutani, bila shaka.

"Unayo. Umezunguka chuo kizima."

"Nimewaapia watu, Bwana Alois."

"Namba isiyo na watu siwezi kuipeleka popote." Akaugeukia ukumbi, kwa upole ule ule. "Basi tufanye rahisi. Aliyefanya utafiti bila kasma anyooshe mkono."

Nilimwona Lugembe akitazama viatu vyake. Nilimwona yule wa jiografia akifungua mkoba na kuufunga. Flavia, ambaye maabara ni yake na mama ni wake, alikuwa amekunja mikono mapajani, na mkono haukuinuka. Nilikasirika nao wote, na papo hapo niliwaelewa. Mtu mwenye watoto shuleni hanyooshi mkono mbele ya mkaguzi. Profesa Mfaume akajikohoza, akaanza kukusanya karatasi zake.

Zuwena akanyoosha mkono.

"Wewe ni wa mipango," Bwana Alois alisema. "Nimeuliza watafiti."

"Ndiyo, nimekusikia," Zuwena alisema. "Kulikuwa na jambo ambalo jibu lake sikulijua mimi wala vitabu vyangu. Nimelitafuta miezi yote hii. Sikupewa kasma. Nilikwenda Kigwa kwa pikipiki ya chuo, tukaandika napeleka barua, na sikuwa na barua yoyote. Karatasi zilikuwa za chuo, wino wa chuo, saa za chuo. Hiyo ripoti uliyoishika ndiyo utafiti wangu. Andika: Zuwena Abdulatifu."

Sikumbuki kama niliandika chochote dakika ile. Bwana Alois alitoa kalamu, akaandika polepole, akauliza jina la baba linaandikwaje. Zuwena akamtajia herufi moja moja. Mkono wake ulikuwa bado juu, na nilitamani kwenda kuushika.

Nyuma ya ukumbi kiti kilikwaruza sakafu. Dokta Lugembe alikuwa amesimama. "Matofali ya Kigwa nilichukua mimi," alisema. "Najenga bani la kuni chache. Bado sijalikamilisha." Flavia akasimama kabla hajamaliza: "Kipimajoto nilimpa mimi." Kisha yule wa jiografia, mkoba kifuani. Kisha wengine, safu kwa safu, mpaka Bwana Alois akaomba karatasi ya ziada, nikampa. Mtakwimu kijana alikuwa anatabasamu peke yake. Profesa Mfaume alikuwa wa mwisho kusimama: kumbe naye anaandika kuhusu makaburi ya wapagazi kwenye njia ya zamani, miaka yote hiyo.

Majibu yalikuja wiki chache baadaye, bahasha mbili kwa siku moja, na zote zilipita mikononi mwangu. Ya kwanza ilisema namba imekubaliwa. Tawi la Kaze ni la utafiti, maabara inabaki Tabora. Flavia alikuwa amekwenda Itetemia kumlisha mama yake, nikampigia simu, nikasikia akimwambia mama yake na mama akicheka kwa upande wake mmoja mzima. Ya pili ilikuwa hoja ya ukaguzi. Majina yote yalikuwemo, na la kwanza lilikuwa Zuwena Abdulatifu, kwa kosa la kufanya utafiti bila kibali kwa kutumia muda na chombo cha mwajiri. Ajieleze ndani ya siku saba.

Zuwena alisoma zote mbili mbele ya kaunta yangu. Kisha akafungua kiambatisho cha bahasha ya kwanza, jedwali la watumishi waliohesabiwa kwenye utafiti. Lugembe yumo. Flavia yumo. Profesa yumo. Akafuata kwa kidole mpaka mwisho, akarudia kutoka juu. Yeye hakuwemo. Watumishi wa mipango ni waendeshaji, yaani watu wa ofisi tu, na mbele ya waendeshaji paliandikwa haihusiki.

Mimi nilifoka. Nilisema maneno ambayo mtu wa masijala hapaswi kuyasema kuhusu makao makuu. Zuwena machozi yalimjaa na hakuyafuta.

"Imeniuma, Julieth," alisema. "Kwenye kosa wameniweka wa kwanza. Kwenye hesabu wamenitoa."

Nikamwambia aniachie, nitamwandikia barua ya kujieleza yenye adabu zote, ya kuomba radhi, tuyamalize. Akatikisa kichwa. Akaniomba karatasi, akaandika pale pale juu ya kaunta, mistari miwili, akanisukumia niigonge mhuri.

Iliandikwa: Ni kweli, nilifanya utafiti. Naomba nihesabiwe.